Kuletewa, kwenda mwenyewe au kuchanga na majirani: upate vipi chakula amri ya kukaa ndani ikitangazwa?

Usiku wa pili wa kufungiwa ndani wakati wa korona nilikuwa macho saa sita kasoro dakika tano, simu mkononi, kikapu changu cha mtandaoni kimejaa vitu 41. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nafasi mpya za kuletewa mzigo hufunguliwa saa sita kamili. Ikafika, nikabonyeza, duara likazunguka weee, kisha maandishi mekundu yakatokea: hakuna nafasi yoyote kwa siku 14 zijazo. Nikarudi kwenye kikapu kuangalia. Mchele upo. Mafuta yapo. Mayai yapo. Chakula hakikuwa kimeisha, ila hapakuwa na mtu wa kukikusanya, gari la kukibeba, wala saa ya kunigongea mlango.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza huduma ipi ya kuletewa ni nzuri zaidi wakati wa zuio, namjibu kwa swali: unataka kuletewa nini? Nafasi ya kuletewa ndiyo bidhaa adimu kuliko zote kipindi hicho, na wengi wetu tuliichezea kwa kuagiza nyanya na mkate. Huu ulinganisho nimeuandika kwa mtazamo huo. Sijui nyumba hata moja iliyopita salama kwa kutegemea njia moja tu, kwa hiyo suala ni njia gani inafaa kwa kitu gani, na kwa nani.

Kwanza, rafu tupu zinatoka wapi

Huwezi kuchagua vizuri bila kujua hili. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba COVID-19 imekuwa janga la dunia nzima. Ndani ya wiki chache nchi nyingi zilikuwa zimefunga shule, ofisi na mikahawa. Matumbo hayakufungwa. Milo iliyokuwa ikiliwa kazini na shuleni ilihamia majumbani karibu kwa mkupuo, na chakula cha majumbani hakipiti njia moja na chakula cha mikahawa.

Chukua unga wa Uingereza. Wasagaji wa huko walieleza kwamba takriban asilimia 4 tu ya unga wao huuzwa madukani na kwenye supamaketi. Uliobaki huenda kwa waokaji na viwanda vya vyakula, kwa magunia au kwa malori ya tangi. Ghafla kila mtu akawa anataka pakiti ndogo ya jikoni. Ngano ilikuwepo na vinu vilizunguka usiku na mchana. Zilizoelemewa ni mashine za kujaza pakiti ndogo. Marekani nako, mwezi Aprili mwaka huohuo, kuna wafugaji waliomwaga maziwa kwa sababu shule na mikahawa iliyokuwa ikiyanunua ilikuwa imefungwa, huku baadhi ya maduka yakiwawekea wateja kikomo cha maziwa wanayoruhusiwa kununua.

Ongeza na hofu kidogo. Haihitaji watu wabaya wanaojaza magari. Ikiwa kila mteja atachukua pakiti moja ya ziada "kwa tahadhari tu", rafu iliyopangwa kwa mauzo ya jana itakuwa nyeupe kabla ya saa nane mchana, na anayeingia saa tisa akiiona atachukua pakiti tatu za chochote kilichobaki.

Cha kufanya ni hiki: ukikosa pakiti, ulizia gunia. Wauzaji wa jumla waliokuwa wakihudumia mikahawa mara nyingi walikuwa na mzigo uliolala wakati supamaketi jirani inalia. Tutalirudia hili tukifika kwa majirani.

Kwenda mwenyewe au kuletewa

Tuanze na usalama, maana ndiyo sababu ya kufungiwa. Virusi vya korona huambukiza zaidi kupitia hewa tunayovutiana, hasa ndani ya jengo lenye watu wengi na madirisha machache, na kadiri unavyokaa humo ndivyo hatari inavyopanda. Kwa kipimo hicho kuletewa kunashinda bila ubishi. Mzigo unawekwa mlangoni, dereva anarudi nyuma hatua kadhaa, mnapungiana mikono, kwisha. (Hatari haijayeyuka, imehamia kwa yule anayezunguka dukani siku nzima akikusanya oda zenu. Bakshishi yake usiionee uchungu.)

Lakini pengo kati ya njia hizi mbili si kubwa kama tulivyodhani, ikiwa unajua kwenda. Safari ya dakika 20, peke yako, barakoa usoni, saa ambayo duka limepoa, si sawa na saa nzima ya kutangatanga na watoto wawili. Andika orodha kwa mpangilio wa rafu za duka lako, si kwa mpangilio wa mawazo yako. Mimi niliandika yangu nyuma ya bahasha: mlangoni matunda, ukuta wa kushoto mayai na maziwa, katikati nafaka, mwisho sabuni. Nilikuwa naingia na kutoka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Saa maalumu za wazee ni msaada, ila zina mtego wake. Australia, duka la Woolworths lilianza tarehe 17 Machi 2020 kutenga saa 1 hadi saa 2 asubuhi kwa wazee na watu wenye ulemavu, na maduka ya nchi nyingine yakaiga au yakabuni ya kwao. Faida ni rafu zilizojazwa usiku. Hasara ni kwamba watu walio hatarini zaidi wote wanakutanishwa mlango mmoja kwa saa moja. Kama una mzazi mwenye umri mkubwa, usimsukume aende kwa sababu tu saa imepewa jina lake.

Upande wa uhakika, kwenda mwenyewe kunashinda, tena kwa mbali. Ukiwa mbele ya rafu unaona kilichopo na unabadilisha mpango palepale: hakuna tambi, kuna mchele, basi. Ukiagiza, unachagua kutoka kwenye picha ya bidhaa zilizokuwepo unapobonyeza, lakini mtu anakuja kukukusanyia siku mbili tatu baadaye. Oda moja niliyoifanya baadaye ilikuja pungufu. Hakuna aliyeniibia, pesa ya vilivyokosekana ilirudishwa, lakini nilikuwa nimepanga wiki nzima juu ya vitu 12 ambavyo havikufika.

Gharama si rahisi kulinganisha kama watu wanavyosema. Kuletewa kuna ada ya usafiri, mara nyingine ada ya huduma, na kiwango cha chini cha oda kinachokufanya uongeze biskuti ili ufikie. Kwenda kuna nauli au mafuta, foleni ya nje, na vile vitu ambavyo mkono huchukua wenyewe karibu na kaunta. Mimi nikipiga hesabu ya mwezi nakuta tofauti ni ndogo kwa nyumba ya watu wanne, na ni kubwa kwa mtu anayeishi peke yake, ambaye ada ileile inabebwa na mfuko mmoja tu wa vitu.

Kwa vitu vibichi sina shaka kabisa. Anayekukusanyia oda anafanya kazi akipimwa kwa dakika. Hana muda wa kubonyeza parachichi wala kugeuza kitunguu kuona kama chini kimelainika. Niliwahi kuletewa ndizi zilizoiva kiasi kwamba mfuko wenyewe ulinukia kabla sijaufungua, na viazi vilivyokwisha kuchipua. Mchele, kinyume chake, hauhitaji jicho la kuuchagua. Mfuko ni mfuko, na ni mzito. Hapo ndipo nafasi ya kuletewa inapopata thamani yake.

Gari la supamaketi au mtu wa programu ya simu

Watu huzichanganya hizi mbili kwa sababu zote huishia mlangoni, lakini ni biashara tofauti.

Supamaketi yenye magari yake inauza nafasi: Jumanne kati ya saa 8 na saa 9. Magari mengi ya namna hiyo yana sehemu ya baridi, ada inajulikana mapema, bei kwa kawaida ni ileile ya dukani au karibu nayo. Ugonjwa wake ni kwamba idadi ya magari na madereva haiongezeki kwa siku moja. Kumbuka, siku za kawaida wewe mteja ndiye mkusanyaji, mpakiaji na mbebaji, tena bila mshahara. Kila oda ya mtandaoni inalitaka duka liajiri mtu wa kufanya hayo yote kwa niaba yako. Ndiyo maana nafasi ziliyeyuka hata pale ambapo maghala yalikuwa na mzigo.

Programu za simu zinatumia watu wa kujitegemea: mtu anapokea oda yako, anaingia dukani kama mteja mwingine yeyote, ananunua, analeta. Kuongeza watu ni rahisi zaidi, ndiyo maana Instacart ya Marekani iliweza kutangaza tarehe 23 Machi 2020 kwamba inatafuta wanunuzi wapya 300,000 ndani ya miezi mitatu. Unaweza kupata mzigo siku hiyohiyo. Unalipia wepesi huo: bei za bidhaa ndani ya programu mara nyingi ziko juu kuliko za rafuni, halafu juu yake kuna ada na bakshishi. Na mtu huyo anakuta rafu ileile ambayo ungeikuta wewe. Kama unga umeisha, kwake pia umeisha.

Tofauti inayonifanya nichague hii au ile ni moja tu: vitu mbadala. Kwenye gari la supamaketi unaamua mapema kama unakubali kubadilishiwa au hukubali, basi. Kwenye programu mnaandikiana. Nakumbuka siku moja ujumbe uliingia: "Dada, unga mweupe umeisha, kuna usiokobolewa, nikuchukulie?" Na picha ya rafu, pakiti mbili zimebaki. Nikajibu chukua zote mbili. Dakika tatu baadaye: "Moja imeshachukuliwa na mtu mbele yangu. Nimewahi moja." Hakuna kompyuta ya supamaketi itakayokufanyia hivyo. Lakini inakutaka ukae na simu mkononi nusu saa nzima, maana usipojibu ataamua mwenyewe, na maamuzi ya mtu mwenye haraka unaweza kuyalia.

Oda nyingine nilisahau simu chumbani. Nilikuwa nimeagiza maharage mekundu ya kopo, tayari kuliwa. Yakaja makavu. Si kosa kubwa, ila ni kosa linaloweza kumuumiza asiyejua: maharage mekundu makavu yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuloweka na kuchemsha kwa nguvu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive. Ukiyatumbukiza moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo, unajitafutia tumbo la kuendesha wakati hospitali hazifikiki.

Kwa hiyo, popote unapoagiza, usiweke jibu moja kwa oda nzima. Mchele wa aina yoyote ni mchele, ruhusu. Maziwa ya mtoto mchanga usiruhusu kamwe, wala chakula cha mwenye mzio: bora kikosekane ujue kimekosekana. Mafuta ya kupikia, ruhusu lakini andika ukubwa, la sivyo utaletewa chupa ndogo tatu kwa bei ya dumu.

Jambo la baridi nalo lisipite. Nyama, samaki, maziwa mabichi na chakula kilichopikwa havitakiwi kukaa nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, saa 1 tu. Gari lenye sehemu ya baridi halinipi wasiwasi. Pikipiki yenye sanduku lisilo na barafu, nikijua dereva ana oda nne kabla yangu, hapana. Gusa nyama inapofika. Kama ina uvuguvugu, piga picha, ikatae. Friji yako iwe nyuzi 4 au chini, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, na viingizwe kabla ya kuanza kukagua risiti.

Kuagiza na kwenda kuchukua

Hii ndiyo njia iliyosahaulika. Unaagiza mtandaoni, duka linakukusanyia, unafika nje unapewa. Hakuna gari la kusubiri, kwa hiyo mara nyingi nafasi ni rahisi kupatikana kuliko za kuletewa. Mara nyingi ada ni ndogo au haipo. Huingii ndani, kwa hiyo hewa ya watu huivuti. Mwenye gari au baiskeli yenye kapu, na duka lisilo mbali, naona aanzie hapa kabla ya kupoteza usingizi wa saa sita usiku kama mimi. Asiye na usafiri haimfai, mizigo itamuua njiani.

Kapu la shamba

Wakulima na wasambazaji waliokuwa wakiuzia mikahawa, walipokosa wateja, wengi waligeukia kuuza makapu ya mboga na matunda moja kwa moja kwa familia. Unalipia kapu, huchagui kilichomo. Ukilinganisha na mboga za supamaketi zinazokuja na oda, kapu linashinda kwa ubichi na linashinda kwa kukaa, kwa sababu limepita mikono michache.

Linashindwa kwa jambo moja: lazima uwe mpishi wa unachopewa. Kapu langu la kwanza lilikuwa na kabichi mbili kubwa, mzigo wa karoti, na fungu la majani ambayo mpaka leo sijui jina lake. Siri ni mpangilio wa kula. Majani laini siku mbili za kwanza, matango na pilipili hoho wiki ya kwanza, kabichi na karoti hungoja wiki kadhaa kwenye friji (karoti zikatwe majani yake kwanza, yananyonya maji). Viazi na vitunguu gizani na pakavu, kila kimoja pake, visikae kapu moja. Anayeishi peke yake atafute wa kugawana naye, la sivyo wiki ya pili atakuwa anatupa.

Kuchanga na majirani

Kama ningelazimishwa kuchagua njia moja iliyonisaidia zaidi, ningetaja hii, na haina tangazo popote.

Nyumba tano zinaandika orodha zao. Mtu mmoja mzima wa afya anakwenda, badala ya watu watano. Fedha zinatumwa kwa simu kabla hajaondoka, si baada, maana deni dogo kati ya majirani ndilo linaloua mipango mizuri. Kila nyumba na risiti yake, mfuko unawekwa mlangoni, unabisha, unaondoka. Mzee wa ghorofa ya juu yangu alinipigia simu wiki ya kwanza. Nikamsomea orodha niliyomtayarishia: mchele, mafuta, sukari. Akanikatiza: "Mwanangu, sukari ninayo. Niletee betri za redio, hizi zinakufa." Nilikuwa nimemfanyia hesabu ya tumbo, kumbe yeye ukimya wa nyumba ndio uliokuwa ukimmaliza. Hakuna fomu ya mtandaoni ingeniambia hilo.

Na hapa ndipo gunia linapoingia. Kilo 25 za unga kwa muuza jumla ni mzigo wa kuogopesha kwa nyumba moja. Kwa nyumba tano ni kilo 5 kila moja, na bei ya kilo kwa kawaida inashuka. Tumieni mizani. Sisi mara ya kwanza tulipima kwa bakuli, na mpaka leo kuna nyumba mbili ambazo kila moja inaamini ilipunjwa.

Udhaifu wake hauwezi kufichwa: njia nzima imebebwa na mtu mmoja. Siku mwendaji wetu alipoanza kukohoa, nyumba tano zilikaa wiki bila mpango, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akijua orodha wala muuza jumla. Wawe wawili tangu mwanzo, wanaopokezana. Na yeyote mwenye dalili asiguse mfuko wa mtu.

Akiba: wiki moja au mwezi?

Wanaobeza akiba na wanaojaza vyumba wote wamekosea kipimo. Mimi naiweka kwenye wiki mbili, na hesabu yake haina uchawi. Mgao wa kawaida ambao Mpango wa Chakula Duniani (WFP) huutumia kwa mtu anayetegemea msaada peke yake, wa kilokalori 2,100 hivi kwa siku, una takriban gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta, pamoja na nyongeza ndogo za chumvi, sukari na unga ulioongezewa virutubisho. Kwa mtu mmoja na siku 14 hiyo ni kilo 5.6 za nafaka, gramu 840 za kunde, gramu 350 za mafuta. Kwa watu wanne: kilo 22.4, kilo 3.36, kilo 1.4. Jumla kama kilo 27.

Huo ni mgao wa dharura, na wewe bado una mayai na mboga, kwa hiyo nafaka utahitaji pungufu ya hapo. Lakini angalia uzito. Kilo 27 hazibebeki mkononi kwenye foleni, haziozi, hazibadiliki kwa kuchelewa siku tatu, na hazijali nani amezichagua. Zimeumbwa kuletewa. Ukiwa nazo ndani, nafasi ya supamaketi ikikosekana wiki nzima hupepesi jicho, na safari ya vitu vibichi inakuwa ya mfuko mmoja mwepesi.

Akiba ya mwezi ina shida zake: wadudu, panya, na unga usiokobolewa ambao mafuta yake ya asili huchacha mapema kuliko ya unga mweupe. Akiba ya siku tatu nayo inakutoa nje mara mbili kwa wiki, na huko nje ndiko tulikoambiwa tusiende.

Friza, kwa aliye nayo, inabadilisha hesabu kidogo. Mkate unaganda vizuri sana ukishakatwa vipande. Maziwa pia, ila usijaze chupa mpaka juu, yanavimba. Mayai ndani ya maganda usiyagandishe, yatapasuka.

Kufuta mifuko au kutofuta

Machi 2020 wanasayansi walichapisha vipimo vya maabara vilivyoonyesha kwamba virusi vinaweza kubaki hai juu ya plastiki hadi saa 72 na juu ya boksi la karatasi hadi saa 24. Sote tukaanza kuosha makopo. Baadaye ikaeleweka kwamba maabara si jikoni. Mwaka 2021 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla uko chini ya 1 kati ya 10,000. Kwa hiyo ukilinganisha kufuta kila kopo na kunawa mikono baada ya kupanga vitu, kunawa kunatosha.

Kinachotisha ni kule kupitiliza. CDC haohao waliwahoji watu wazima 502 Marekani Mei 2020, na asilimia 19 walisema walitumia dawa ya kung'arishia nguo, ile ya klorini, kwenye vyakula. Usifanye hivyo. Matunda na mboga ni maji safi yanayotiririka, bila sabuni.

Sasa wewe chagua

Mwenye umri mkubwa au ugonjwa sugu: gari la supamaketi kwa kila kitu, na uulizie kama duka lako lina orodha ya kipaumbele kwa wagonjwa, maana baadhi walikuwa nayo. Jirani awe mpango wa pili. Familia yenye watoto na gari: kuagiza na kwenda kuchukua, kapu la shamba kila wiki, gari la supamaketi kila wiki mbili kwa vizito. Anayeishi peke yake, mwenye afya: nenda mwenyewe kila siku kumi, haraka, na ujiunge na gunia la wenzako. Programu ya simu ibaki ya dharura, mtu anapougua ghafla na hakuna maziwa ndani. Kuifanya njia ya kila siku ni kulipa kodi ya uvivu.

Nafasi yangu niliipata siku ya tisa, saa kumi na moja alfajiri. Nafasi hurudi watu wanapoahirisha. Nilifungua kile kikapu cha vitu 41. Nikafuta nyanya, nikafuta mkate, nikafuta ndizi na mtindi na yale majani ya saladi niliyokuwa nimeyataka sana usiku ule wa kwanza. Vikabaki vitu 13: mchele mfuko mkubwa, unga, maharage, dumu la mafuta, chumvi, sabuni na ndugu zao. Nikaongeza cha 14, betri za redio, pakiti mbili. Nikabonyeza.